Maji ya Samaki Yanauma: Waya wa Ardhi Peke Yake Hautoshi

Najua nimepotea wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka, ni kazi tu. Leo nilikuwa nimepanga kumalizia ile habari ya hifadhidata, lakini itangoja. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu baridi ya Julai. Linahusu tangi la samaki lililo sebuleni kwangu, stima, na mtu aliyeniambia ukweli mara tatu nikakataa kumsikia.

Wale msiofuga samaki, msiondoke bado. Kama una instant ya kuogea, friji ama mashine ya kufua nguo, mengi ya haya yanakuhusu pia.

Ripoti niliyoitupa

Nina tangi la lita 200, na ndani yake mbuna, wale samaki wa rangi rangi wa Ziwa Malawi. Wanapenda maji ya nyuzi 24 hadi 27 hivi. Msomaji wa Mombasa anaweza kufuga bila kuyapasha maji moto, lakini sisi wa Nairobi tuko juu sana na usiku wa Julai si wa mchezo. Kwa hivyo tangi langu lina hita ya kioo ya wati 200, pampu ya kichujio, taa juu ya maji, na pampu ya hewa iliyowekwa kando. Hebu fikiria kidogo. Ni wapi pengine nyumbani ungekubali kuzamisha kifaa cha volti 240 ndani ya maji, halafu utie mkono humo humo?

Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye hufuta kioo cha tangi kwa ndani, asubuhi tukishaondoka. Siku moja aliniambia nikiwa mlangoni, "Baba, haya maji yananiuma vidole." Nilikuwa nakimbilia matatu. Nikamwambia labda ana mkwaruzo, maana mkwaruzo ukiingia maji huuma. Nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata akarudia. Safari hii aliongeza kwamba yanauma zaidi akiegemea dirisha. Jumamosi mchana nikatia mkono mwenyewe, hadi kwenye kiwiko. Hakuna kitu. Nikamwita, nikamwonyesha mkono wangu mzima mzima, nikamwambia, "Unaona? Hakuna shida." Alinitazama tu.

Mara ya tatu hakulalamika. Alisema kwa adabu kwamba kazi zote atafanya, lakini mkono wake hautaingia tena katika maji yale. Usiku huo nikamkumbuka binti yangu wa miaka saba. Yeye ndiye hulisha samaki, na akishawalisha hupenda kuchovya vidole wamdonoe.

Sikulala vizuri.

Ninyi mnaoandika programu mnanielewa. Mtumiaji akikuletea malalamiko, unajaribu kwenye tarakilishi yako, inafanya kazi, unamwambia "kwangu iko sawa" na unafunga faili. Hicho ndicho nilichomfanyia huyu dada. Tofauti ni kwamba mdudu wa programu humla mtu data. Huyu wangu angeweza kula mtoto.

Kumtafuta mdudu

Asubuhi saa kumi na mbili, kukiwa baridi bado, nilivaa patipati kavu na kuchukua multimita. (Kama hujazoea kupima stima ya ukutani, tafadhali usianzie hapa. Mwite fundi.) Ncha moja niliitia majini, nyingine kwenye tundu la ardhi la ekstensheni. Namba zikawa zinarukaruka ovyo. Nikaifungua ile ekstensheni. Nje ina matundu matatu na plagi ya miguu mitatu, kila kitu kama inavyotakiwa. Ndani kuna waya mbili tu. Tundu la ardhi lilikuwa pambo.

Nikahamia soketi ya ukutani, ambayo nilishahakikisha ardhi yake ni ya kweli. Sasa namba ikatulia: volti 131.

Nikaanza kutenga, kama tunavyofanya na programu: ondoa kipande kimoja, pima tena. Taa ikitoka, 130. Pampu ya hewa ikitoka, 130. Pampu ya kichujio, 129. Hita, sifuri. Nikavirudisha vyote isipokuwa hita, namba ikasimama kwenye 22.

Hizo 22 zisikutishe. Multimita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa sana, kwa kawaida omu milioni 10, kwa hivyo huonyesha hata volti hafifu zinazoambukizwa majini na waya zilizo karibu ingawa hakuna kinachovuja. Kuzitofautisha, nilifunga rezista ya omu 100,000 kati ya ncha mbili za multimita. Zile 22 zikayeyuka, zikawa chini ya volti 1. Hizo ni kivuli. Nikairudisha hita na rezista ikiwa palepale: volti 128. Kivuli hakibebi mzigo. Hii ilikuwa stima halisi.

Nilizima kila kitu, nikaitoa hita, nikaishika kwenye mwanga. Kioo kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele karibu na sehemu ya chini, na ndani kulikuwa na umande.

Nani aliipasua? Mimi. Wiki chache nyuma nilikuwa nabadilisha maji, nikayapunguza mpaka hita ikabaki nusu nje ikiwa inawaka, kisha nikamimina mtungi wa maji baridi. Kioo cha moto kikikutana na maji baridi, mnajua kinachofuata.

Kwa nini mimi sikuumwa

Swali hili lilinisumbua kuliko yote, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Hita ina swichi ya joto ndani yake. Maji yakipoa, swichi hufunga sakiti na koili inawaka. Maji yakipata joto, swichi hukata.

Asubuhi ya Julai maji yamepoa, koili inawaka. Upande mmoja wa koili uko kwenye volti 240, upande mwingine uko karibu na sifuri, na maji yaliyoingia ndani yanagusa katikati. Ndiyo maana nilipata 131, karibu nusu. Jumamosi mchana jua limeingia sebuleni, maji yana joto, swichi imekata waya wa moto. Koili yote imebaki kwenye upande wa nyutro, na maji yako karibu na sifuri. Natia mkono, hakuna kitu. Namwambia dada anaota.

Kuna jambo baya zaidi. Hita ile ilikuja na plagi ya miguu miwili, ambayo huingia upande wowote. Unajua tunavyofanya: tunachokoa tundu la ardhi kwa kalamu mpaka vile vizuizi vya ndani vifunguke, kisha tunashindilia plagi. Kama ningeiingiza kinyume, swichi ya joto ingekuwa inakata nyutro badala ya waya wa moto. Hapo hita ikiwa imezimika, na kataa yake kimezimika, koili yote na maji yote yangekuwa karibu na volti 240. Ingekuwa imezimwa machoni na imewaka majini. Kulitenganisha hilo na hali niliyokuwa nayo ni jinsi mkono wangu ulivyoshika plagi siku ile.

Na dirisha? Fremu zetu ni za chuma, zimejengwa ndani ya ukuta. Akiegemea dirisha, stima inapata njia nzuri zaidi ya kwenda ardhini kupitia kwake. Alikuwa ameniletea ripoti kamili: saa gani, mahali gani, na nini huongeza tatizo. Ni wachache kati ya wateja wangu wanaoandika ripoti nzuri kama hiyo.

Mbona samaki walikuwa wazima?

Kila niliyemsimulia aliuliza hivi: kama maji yalikuwa na stima, mbona samaki hawakufa? Mfikirie ndege aliyetua juu ya waya wa stima. Hadhuriki kwa sababu mwili wake wote uko kwenye volti moja, hakuna tofauti ya kuisukuma stima ipite ndani yake. Tangi ni kioo, limekaa juu ya meza ya mbao, na maji hayana njia ya kufika ardhini. Samaki ni yule ndege. Wewe unayetia mkono ukiwa umesimama sakafuni, wewe ndiye njia.

Kwa hivyo samaki wanaocheza si uthibitisho kwamba maji ni salama. Naomba hili ulishike hata ukisahau mengine yote.

Fyuzi haikujui

Sasa tufanye hesabu za darasa la saba. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa unaweza kukadiriwa kuwa na ukinzani wa omu 1,000. Volti 240 ukigawa kwa 1,000 unapata ampia 0.24, yaani miliampia 240.

Mtu huanza kuhisi stima kwenye miliampia 1 hivi. Ikifika karibu 10, misuli ya mkono hukaza na huenda ukashindwa kuachia. Makumi kadhaa ya miliampia yakipita kifuani kwa zaidi ya muda mfupi, pumzi na mapigo ya moyo vinaweza kuvurugika. Na sisi tunazungumzia 240.

Fyuzi ndani ya plagi yako ni ya ampia 13, yaani miliampia 13,000. Wewe unakufa, yenyewe haijasikia hata vuguvugu. Breka ya soketi kule ukutani mara nyingi ni ya ampia 32. Hizi mbili hazikuwekwa kwa ajili yako. Ziliwekwa kuzuia waya zisiungue na nyumba isishike moto. Hiyo ni kazi njema, lakini mtu akisema "usijali, fyuzi itakatika," hajapiga hesabu.

Na waya wa ardhi?

Hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu. Tumefundishwa kwamba ukiwa na ardhi nzuri uko salama. Waya wa ardhi ni muhimu, sibishani. Lakini tazama ardhi ya nyumba nyingi zetu: ni fimbo iliyopigiliwa kwenye udongo nje ya nyumba. Tuseme fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida udongo ukikauka. Waya wa moto ukigusa bati la kifaa, stima itakayopita ardhini ni 240 ukigawa kwa 50: ampia 4.8. Fyuzi ya 13 haitakatika. Breka ya 32 haitashtuka. Lile bati litabaki na stima siku nzima, wiki nzima, likimngoja mtu.

Hii ndiyo maana ya zile instant za bafuni zinazotekenya ukigusa bomba. Tumezoea kiasi cha kufanya utani: oga na patipati, usiguse mfereji. Utani huo hauchekeshi. Ni kosa lililoripotiwa na mamilioni ya watu na likafungwa bila kurekebishwa.

Chombo kilichozaliwa migodini

Kinachokosekana kinaitwa RCD. Dukani wengine watakipa jina la RCCB. Kazi yake ni rahisi kama ya keshia anayefunga hesabu jioni. Hupima stima inayotoka kwenye waya wa moto na ile inayorudi kwenye nyutro. Vyote vikiwa sawa, hana neno. Kikitoka zaidi ya kinachorudi, maana yake kuna stima inayopotelea mahali pengine, pengine ndani ya mtu, na RCD inakata. Ya nyumbani inayofaa ni ya miliampia 30. Kwa uvujaji wa kiasi hicho lazima ikate ndani ya milisekunde 300, na uvujaji ukiwa mkubwa mara tano ndani ya 40.

Linganisha: fyuzi hungoja zaidi ya miliampia 13,000, RCD hungoja 30.

Na msifikiri ni anasa ya Wazungu wa mbali. Mojawapo ya vifaa vya kwanza vya aina hii vyenye wepesi wa kumkinga mtu kilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1950 na Henri Rubin, kwa ajili ya migodi ya dhahabu, kisha kikafungwa kwenye nyumba za wachimbaji. Mwaka 1961 Charles Dalziel, profesa wa chuo kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa ametafiti kwa miaka jinsi stima inavyoathiri mwili, akabuni kifaa cha namna hiyo cha transista huko Marekani. Ni teknolojia ya zaidi ya nusu karne, na moja ya chimbuko lake liko barani kwetu. Nyumba ninayopanga haikuwa nayo.

Kijiti cha ardhi majini: kuficha kosa ama kulionyesha?

Wafugaji wa samaki wana kifaa kingine, kijiti cha titani kinachozamishwa majini na waya wake kuunganishwa na ardhi ya soketi. Wengine wanakisifu, wengine wanakilaani. Mimi naona wote wanajibu swali nusu. Tazama hali nne:

1. Huna kijiti wala RCD. Hita ikipasuka, maji yanabeba stima kimyakimya. Wa kwanza kujua ni mwenye kutia mkono.

2. Una kijiti, huna RCD. Stima inavuja kupitia majini kwenda ardhini saa zote, ikiwapitia samaki, na hakuna kinachokata. Volti imeshuka kwa hiyo huhisi, unadhani umepona. Tena maji sasa yameunganishwa na ardhi: ukishika taa mbovu kwa mkono mmoja na mwingine uko majini, wewe mwenyewe umekamilisha sakiti.

3. Una RCD, huna kijiti. Hita ikipasuka hakuna kinachotokea mpaka mtu aguse. Akigusa atarushwa, lakini RCD itakata upesi. Atapiga kelele, na karibu kila mara atakuwa hai wa kuzipiga.

4. Una vyote viwili. Hita ikipasuka saa nane za usiku, stima inavuja kupitia kijiti, RCD inakata papo hapo. Asubuhi unakuta tangi limezimika, na hakuna aliyeumwa.

Waandishi wa programu mtaitambua hali ya pili. Ni ile tabia ya kukamata kosa na kulinyamazisha ili mtumiaji asione ujumbe mwekundu. Programu inaonekana inaenda vizuri huku inaoza ndani. Hali ya nne ni programu inayosimama kwa kelele palepale kosa linapotokea. Ndiyo maana nasema mpangilio ni RCD kwanza, kijiti baadaye. Kama pesa zinatosha kimoja tu, nunua RCD, na usikubali muuza samaki akupe kijiti peke yake.

(Na tafadhali, usijitengenezee kijiti kwa waya wa shaba uliobaki. Shaba ikiyeyuka majini ni sumu kwa konokono na kamba wadogo, na samaki pia huathirika.)

"Lakini itaua samaki wangu"

Hoja hii nimeisikia na si ya kijinga. RCD ikikata ukiwa kazini, hita na pampu zote zinalala. Kuna hata RCD zinazokatakata bila sababu ya maana, hasa ukizipa mzigo wa nyumba nzima.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, sisi ni watu wa Kenya. Stima hupotea hata bila RCD, na samaki wetu wengi wamestahimili saa kadhaa. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Ama weka hita kwenye RCD yake na pampu ya hewa kwenye nyingine, ili hita ikiharibika hewa iendelee.

Pili, kama ni lazima kuchagua, nitachagua kununua samaki wengine. Nawapenda mbuna wangu. Lakini hakuna duka la kununua mtoto mwingine, wala la kuwarudishia watu kijijini binti yao aliyekuja Nairobi kutafuta kazi ya halali.

Niseme pia kile RCD isichoweza. Ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine bila kugusa ardhi, hesabu zake zinalingana na haitakata. Haizuii waya kuzidiwa na mzigo. Hiyo ni kazi ya fyuzi na breka. Na ikiwa mbovu haitakwambia. Ndiyo maana ina kibonyezo cha majaribio. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, itupe.

Nilivyofanya mimi

Hii ndiyo orodha yangu. Hakuna la ajabu ndani yake.

Hita iliyopasuka niliivunjavunja kabla ya kuitupa, maana kuna watu hupenda kuokota vitu na kuvitengeneza.

Nilimwita fundi mwenye leseni ya EPRA. Alipima ardhi ya nyumba na kufunga RCD ya miliampia 30 kwenye sanduku la swichi. Mwenye nyumba alinung'unika kidogo, nikamwonyesha ile hesabu ya ampia 4.8, akanyamaza. Mwenye nyumba wako akikataa, kuna RCD za kuchomeka kwenye soketi ambazo utahama nazo. Yangu ilinigharimu pesa kidogo kuliko samaki wenyewe.

Ekstensheni ya pambo ilikwenda na hita. Mpya niliifungua dukani mbele ya muuzaji kuhakikisha ina waya tatu. Alikasirika. Sikujali.

Plagi za miguu miwili nilizikata na kufunga za miguu mitatu, fyuzi ya ampia 3 badala ya 13. Hita ya wati 200 inatumia chini ya ampia 1, haina haja ya zaidi. Kumbuka, hiyo ni kinga ya moto, si ya mtu.

Kila waya unaotoka kwenye tangi sasa unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia. Maji yakitambaa kwenye waya yatadondoka sakafuni pale chini badala ya kufuata waya hadi kwenye soketi. Hii haigharimu hata shilingi.

Kijiti cha titani kilifuata mwezi uliopita.

Na sheria ya nyumba, imebandikwa kwenye tangi kwa maandishi makubwa: ZIMA VYOTE UKUTANI KABLA YA KUTIA MKONO. Wakati wa kubadilisha maji, hita huzimwa robo saa kabla, ipoe ikiwa bado ndani ya maji. Kifaa kikianguka majini, usikishike. Zima kwanza. RCD ni ya siku utakapoisahau sheria hii, na utaisahau.

La mwisho

Nilimwita dada nikamwonyesha hita, ufa, na ile namba 131 niliyoiandika kwenye karatasi. Nikamwambia, "Pole sana. Ulisema ukweli mara tatu, mimi nikakuona huelewi." Aliitazama ile hita kwa muda, akasema, "Si nilikuambia, Baba." Kisha akauliza kama sasa anaweza kurudi kufuta kioo, maana kilikuwa kimeanza kuota mwani na hakipendezi wageni wakija.

Miaka yote hii nimeandika hapa kuhusu programu, na nimekuwa nikiwaambia muwasikilize watumiaji wenu. Nyumbani kwangu mtumiaji alikuwa msichana asiyejua volti ni nini, lakini vidole vyake vilikuwa vipimo bora kuliko elimu yangu. Mtu akikuambia maji yanauma, bomba linatekenya, friji inarusha, usimjibu kwa kutia mkono wako mara moja na kusema hakuna kitu. Zima kwanza, halafu utafute.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, nendeni kwenye sanduku la swichi mtafute kile kibonyezo chenye herufi T. Kama kipo, kibonyezeni. Kama hakipo, sasa mnajua kinachokosekana. Niandikieni mlichokuta; najua baadhi yenu mna visa vya instant vya kunishinda mimi.

Ile habari ya hifadhidata, wiki ijayo, ahadi. Kwaherini kwa sasa.